Mkahawa wenye meza sita: je, ninahitaji leseni ya kuwapigia wateja muziki?

MamaMkahawa, Arua

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaomba msaada wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi tangu wiki iliyopita.

Nina mkahawa mdogo karibu na kituo cha mabasi hapa Arua, wenye meza sita na jiko la mkaa kwa nyuma. Wateja wangu wengi ni madereva, wachuuzi wa sokoni na wasafiri wanaoelekea Koboko au wanaosubiri basi la usiku la kwenda Kampala. Alfajiri, chai ya kwanza ikichemka, huwa ninafungua redio, na ifikapo saa sita mchana kijana wangu huunganisha simu yake na spika ndogo isiyo na waya, akapiga rumba ya Kongo na nyimbo za Kampala, au nyimbo za injili ikiwa ni Jumapili. Sitozi kiingilio, sina ukumbi wa dansi, wala siuzi pombe.

Wiki iliyopita walinijia watu wawili wakiwa na karatasi iliyochapwa. Walisema kwamba kila biashara inayopiga muziki hutakiwa kuwa na leseni ya muziki, mbali na leseni ya biashara ambayo nimekwisha kuilipia katika halmashauri ya jiji, na kwamba nikichelewa kulipa watakuja kuichukua spika. Nilipowauliza wametoka ofisi gani, mmoja alijibu kuwa ni "ofisi ya wanamuziki", kisha wakaondoka kwa ahadi ya kurudi. Karatasi yenyewe haina muhuri wala jina la ofisi. Ina namba ya simu tu, na kiasi cha fedha kilichoandikwa kwa kalamu.

Sitaki kumdhulumu mtu aliyekaa usiku akatunga wimbo unaowafurahisha wateja wangu, lakini pia sitaki kumkabidhi fedha za watoto wangu mtu asiyestahili kuzipokea. Je, sheria ya namna hiyo ipo kweli hapa Uganda? Redio nayo imo, ilhali kituo cha redio chenyewe, ninavyodhani, hulipa? Je, bando ninalolinunua, na nyimbo ambazo kijana wangu amezinunua kwa fedha yake, havitoshi? Na ikiwa ni lazima kulipa, nimlipe nani?

KaraniWaSheria, Kampala

Mama, pole kwa usumbufu. Nimefanya kazi katika ofisi ya mawakili kwa miaka kadhaa, na mafaili ya hakimiliki yamepita mikononi mwangu mara nyingi. Nitajitahidi kukujibu, ingawa maelezo haya hayachukui nafasi ya wakili atakayeisoma karatasi uliyoachiwa.

Sheria ipo. Ni Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya mwaka 1964, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2010. Kwa sheria hiyo, mtunzi wa wimbo ndiye mwenye haki ya kuutoa, kuuzalisha, kuutangaza hewani na kuutumbuiza mbele ya umma, au kumruhusu mtu mwingine afanye hivyo. Ulinzi huo huanza pale wimbo unapowekwa katika umbo la kudumu, yaani ukiandikwa au ukirekodiwa, bila kumlazimu mtunzi kuusajili popote, na hudumu katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Neno linalowachanganya wengi ni "umma". Watu hudhani kwamba umma ni uwanja uliojaa watu, au ukumbi wenye tiketi mlangoni. Kisheria, umma ni watu walio nje ya mzunguko wa kawaida wa familia na jamaa wa karibu. Ukijipigia wimbo nyumbani huku ukimenya viazi, hilo ni lako na wanao. Ukiupiga wimbo huohuo mahali ambapo dereva yeyote anaweza kuingia na kuagiza chai, umeupiga mbele ya umma, hata kama kwa wakati huo ameketi dereva mmoja tu. Kutotoza kiingilio hakuliondoi tendo hilo katika sheria, wala sheria yetu haikuweka kipimo cha ukubwa wa chumba ambacho chini yake mfanyabiashara husamehewa. Yapo matumizi yanayoruhusiwa bila kumwomba mwenye haki, kama vile matumizi binafsi, kunukuu, kufundishia na kuripoti habari, lakini kuwapigia wateja muziki si miongoni mwake.

Kuhusu redio, ruhusa aliyonayo mwenye kituo ni ya kurusha wimbo hewani. Wewe unapoufungulia wateja wimbo huo kwa spika unafanya tendo la pili, nalo linahitaji ruhusa ya peke yake. Najua kwamba jambo hili huonekana kama kumlipa mtu mara mbili, na nimesikia wafanyabiashara wengi wakilipinga kwa hasira. Lakini tazama kwa upande wa pili: kituo cha redio kimeutumia wimbo kupata matangazo yake, nawe umeutumia kumfanya mteja aagize kikombe cha pili.

Wimbo mmoja pia hubeba haki za watu kadhaa. Yupo aliyetunga maneno na sauti, yupo aliyeuimba au kuupiga, na yupo aliyegharamia kurekodi. Sheria humtambua kila mmoja wao, ndiyo maana jina lake linataja hakimiliki na haki shirikishi pamoja. Unapopewa leseni, soma ni haki zipi kati ya hizo zinazoguswa.

Adhabu nitaitaja ili usitishwe na watu wasioijua. Mtu anayetumbuiza kazi hadharani bila ruhusa, akitiwa hatiani, anaweza kutozwa faini isiyozidi vizio 100 vya fedha. Kizio kimoja ni shilingi 20,000, kwa hiyo kikomo ni shilingi 2,000,000. Anaweza pia kufungwa kwa muda usiozidi miaka minne, au kupewa adhabu zote mbili. Mwenye haki anaweza vilevile kufungua kesi ya madai na kuomba fidia au amri ya zuio. Ila zingatia maneno "akitiwa hatiani". Hiyo ni kazi ya mahakama, si ya mtu aliyesimama mlangoni mwako na kalamu.

Sasa swali la kumlipa nani. Kwa muziki, shirika la kukusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi kwa matumizi ya kazi zao, ni Uganda Performing Right Society, ambalo wengi huliita UPRS kwa kifupi. Lilianzishwa mwaka 1985 kama kampuni ya dhamana isiyo na hisa, na wanachama wake ni watunzi na wanamuziki wenyewe. Mashirika ya aina hii husajiliwa na kusimamiwa na URSB, ofisi ileile inayosajili kampuni na majina ya biashara. URSB ina ofisi ya kanda hapo hapo Arua, kwa hiyo huna haja ya kusafiri hadi Kampala ili kuuliza kama watu waliokujia wanatambuliwa. Sheria inawatambua wakaguzi walioteuliwa rasmi, na mkaguzi halali hana sababu ya kuificha hati yake ya uteuzi. Usilipe kwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi isiyo na jina la ofisi.

SusiWaSaluni, Jinja

Mama, mimi ninasuka nywele, na nilipita njia hiyo kabla yako. Karani ameeleza sheria vizuri, nami nitaongeza yale ambayo mfanyabiashara hukutana nayo.

Mwaka wangu wa pili wa kazi alikuja kijana mmoja mwenye maneno laini. Nikampa fedha taslimu, naye akaniandikia jina langu katika daftari la shule. Mwaka uliofuata alikuja mtu mwingine ambaye hakumjua yule wa kwanza, nami sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Uchungu wa siku ile sijausahau, kwa sababu fedha niliyoitoa haikumfikia mwanamuziki yeyote, wala haikunilinda mimi. Tangu hapo sitoi hata shilingi mia bila risiti yenye jina la ofisi, namba, tarehe na maelezo ya kinacholipiwa.

Nilipoamua kulifuatilia jambo hili mwenyewe, niliandika barua fupi nikiomba viwango vya ada kwa biashara ya aina yangu. Ukiomba viwango vilivyoandikwa, mazungumzo hubadilika mara moja, kwa sababu mtu hawezi tena kubuni kiasi kwa kukutazama usoni. Jiandae kueleza biashara yako jinsi ilivyo: una viti vingapi, unatumia redio tu au pia simu, una spika ngapi, muziki unapigwa kwa kusikilizwa tu huku watu wakila au kuna watu wa kucheza dansi. Ada ya baa yenye dijei haiwezi kuwa sawa na ya saluni yenye redio moja juu ya kabati, na usipoeleza tofauti hiyo wewe mwenyewe, hakuna atakayekuelezea. Mimi mwanzoni niliwekwa katika kundi la kumbi za burudani kwa sababu tu mtu aliona spika kubwa dirishani. Spika yenyewe ilikuwa imeharibika tangu miaka miwili nyuma, nami nilikuwa nimeweka chungu cha maua juu yake!

Uliza pia leseni inaanza lini na kuisha lini. Leseni ya biashara ina tarehe yake ya kuisha, na wengi hudhani leseni zote huisha siku hiyo. Uliza kama inafungamana na chumba ulichopanga au na jina lako, maana sisi wadogo huhamahama kila mwenye nyumba anapopandisha kodi. Baada ya kuipata, toa nakala, uibandike ukutani kando ya leseni ya biashara, na halisi uifungie.

Kuna kipindi nilizima muziki kabisa kwa wiki tatu ili kuona kama ninaweza kuishi bila gharama hiyo. Mteja anayesukwa kwa saa tano katika chumba kilicho kimya huanza kuhesabu nywele alizobakiza. Walikuwa wakiinuka kwenda kununua soda mara mbili, mara tatu, na wengine wakaniomba nimalizie kesho. Hapo ndipo nilipoona kwamba muziki ni kifaa changu cha kazi kama kitana na mafuta, na sikuona tena ubaya wa kukilipia.

DukaLaVipuri, Busia

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini naomba nitoe sauti ya pili, kwa sababu wafanyabiashara wadogo hatupati nafasi ya kusema.

Mimi ninauza vipuri vya pikipiki katika chumba ambacho wateja watatu wakiingia, wa nne hubaki nje. Ninalipa kodi ya pango, leseni ya biashara, umeme, ulinzi wa usiku na ada ya taka. Redio yangu ninaisikiliza mimi, kwa sababu kukaa peke yako tangu asubuhi hadi jioni ukihesabu boliti ni kazi ya upweke. Mteja anakuja kwa ajili ya mnyororo wa pikipiki, na sijawahi kumwona hata mmoja aliyekuja kwa ajili ya wimbo. Je, ni haki nihesabiwe pamoja na hoteli yenye bwawa la kuogelea?

Ndugu yangu ana duka la kinyozi upande wa pili wa mpaka. Kule Kenya alizoea kusikia majina matatu ya mashirika ya mirabaha: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi, na PRISK kwa watumbuizaji. Alikuwa akiniuliza kila mara kwa nini kichwa kimoja kinyolewe na watu watatu. Sisemi mwanamuziki asilipwe. Ninasema kwamba sheria ingefaa kuwatenga wale ambao muziki si sehemu ya wanachokiuza, na bunge lingeweza kulifanya hilo bila kumwumiza mtu.

MpigaAdungu, Nebbi

Ndugu wa Busia, nimeyasoma maneno yako mara mbili, na sina ugomvi nayo. Mimi ni mtu wa adungu, kinubi cha huku kwetu. Nimerekodi nyimbo kumi na mbili katika studio ndogo kwa fedha ya pamba na ufuta. Nitaeleza jinsi jambo hili linavyoonekana kwa aliye upande wangu.

Miaka michache iliyopita nilipanda basi kwenda Kampala. Tulipovuka daraja la Pakwach, kondakta aliweka wimbo wangu. Hakujua kwamba nimeketi kiti cha nyuma. Abiria wakaanza kuimba kiitikio, mama mmoja akainua mtoto wake akamchezesha magotini, nami nikafunika uso kwa kofia kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka. Wimbo huo ulipigwa tena na tena hadi Karuma. Nilifika Kampala nikiwa na furaha kubwa, na mfukoni nikiwa na nauli ya kurudi tu. Wimbo ule ulikuwa umefanya kazi kwenye basi lile kwa saa nyingi kuliko dereva msaidizi, na dereva msaidizi alilipwa.

Simlaumu kondakta, na sitaki mtu mwenye chumba cha vipuri afunge duka kwa ajili yangu. Ninachotaka ni kwamba fedha ikitolewa, ifike. Na hapo lawama nyingine ni zetu wanamuziki. Wengi wetu hatujajiunga na shirika, au tumejiunga lakini hatujaandikisha majina ya nyimbo zetu, wala hatujaeleza ni nani alitunga na kwa sehemu gani. Fedha ya mkahawa wa Mama ikifika mahali ambapo wimbo wangu haujulikani, hakuna atakayejua ipelekwe wapi. Shirika haliwezi kusikiliza kila redio ya kila kibanda, kwa hiyo mgawanyo hutegemea orodha: za vituo vya redio, za madijei, za kumbi kubwa. Nyimbo za lugha za huku kwetu, zinazopigwa zaidi sokoni na kwenye mabasi kuliko kwenye vituo vikubwa vya Kampala, huwa nyepesi katika orodha hizo. Mama, ukipewa nafasi ya kutaja nyimbo unazozipiga, tafadhali zitaje. Karatasi moja yenye majina ishirini ya nyimbo za huku kwetu West Nile inaweza kumfaa mtu ambaye hutamwona maishani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hukosea. Mtu anaweza kukwambia, "Mimi ninamjua mwimbaji, ameniruhusu kwa mdomo." Ruhusa ya mdomo kutoka kwa rafiki ni nzuri kwa moyo, lakini mwanamuziki anapojiunga na shirika la namna hii, kwa kawaida hutia saini hati ya kulikabidhi haki ya utumbuizaji. Baada ya hapo yeye mwenyewe huenda hana tena mamlaka ya kuigawa haki hiyo mkahawa kwa mkahawa. Hata mimi ningekuja kwako nikakwambia "piga tu", ningekuwa nakupa kitu ambacho nimekwisha kukikabidhi kwingine. Mwanamuziki ambaye hajajiunga popote anaweza kukuruhusu, lakini iwe kwa maandishi, na iguse rekodi pia ikiwa aliyeigharamia ni mtu mwingine.

Msiseme pia kwamba nyimbo za mababu hazina mwenyewe, kwa hiyo rekodi zake ni za bure. Sauti ya kale ya harusi ni ya sisi sote. Lakini mtu akiipanga upya, akaipiga kwa vidole vyake na akalipia studio, rekodi hiyo ina haki zake.

MamaMkahawa, Arua

Ndugu zangu, nimewasoma wote na ninawashukuru kwa dhati. Mpiga Adungu, umeniliza.

Kijana wangu, ambaye ana bidii ya kusoma kwenye simu, ananiambia kuwa ameona maelezo yanayosema mkahawa ulio chini ya kipimo fulani cha futi za mraba hauhitaji leseni yoyote, mradi spika zisizidi sita. Anasema pia kwamba yeye hulipia huduma ya muziki kila mwezi, tena kwa fedha yake halali, kwa hiyo hatuibi. Nyimbo nyingine alijaziwa kwenye flashi na yule kijana mwenye kompyuta karibu na stendi, ambaye hutoza kwa idadi ya nyimbo. Nimjibu nini? Na hizo za Kongo, je, shirika la Uganda lina habari nazo?

FundiKompyuta, Mbarara

Mama, kijana wako hakudanganya, ila alichokisoma ni sheria ya nchi nyingine. Futi za mraba na spika sita ni mambo ya Marekani. Mwaka 1998 bunge la kule lilipitisha sheria ya kuwasamehe wafanyabiashara wadogo: duka lenye eneo lisilofika futi za mraba 2,000, na mkahawa au baa isiyofika futi za mraba 3,750, vinaruhusiwa kufungulia wateja redio au televisheni bila leseni. Walio juu ya vipimo hivyo nao wanaweza kusamehewa, wakitumia spika zisizozidi sita, na zisizozidi nne katika chumba kimoja. Hata huko, msamaha huo ni wa matangazo ya redio na televisheni, si wa nyimbo zinazotoka kwenye simu, flashi au diski. Nchi za Ulaya ziliupinga, na mwaka 2000 jopo la Shirika la Biashara Duniani liliamua kwamba sehemu kubwa ya msamaha huo hailingani na mkataba wa kimataifa wa haki hizi. Ukisoma ushauri wa sheria mtandaoni, tazama kwanza umeandikiwa watu wa nchi gani.

Kuhusu huduma anayoilipia, masharti ya Spotify, Apple Music na YouTube yote yanasema kwamba akaunti ya kawaida ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Ada ya kila mwezi humpa ruhusa ya kusikiliza yeye, wala haimpi ruhusa ya kuwasikilizisha wateja wa mama yake. Na leseni utakayoipata kwa mkahawa haitageuza akaunti binafsi kuwa ya biashara, kwa sababu hayo ni makubaliano mawili tofauti na watu wawili tofauti. Bando ndiyo kabisa halihusiani: hilo ni nauli ya barabara, na mzigo ulioubeba una mwenyewe.

Flashi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kijana wa stendi anapokunakilishia nyimbo mia anazalisha nakala, na kuzalisha nakala ni haki nyingine ya mtunzi, mbali na ile ya kutumbuiza. Leseni ya mkahawa huruhusu muziki kusikika mahali pako; haiisafishi nakala iliyotolewa bila ruhusa. Ushauri wangu ni kwamba kijana wako anunue nyimbo mahali halali, azihifadhi na risiti zake, na flashi ile aiache.

KaraniWaSheria, Kampala

Ninakubaliana na Fundi. Kuhusu muziki wa Kongo na wa nchi nyingine, mashirika ya mirabaha huwa na mikataba ya kuwakilishana, ambapo shirika la hapa hukusanya kwa niaba ya watunzi wa huko, na la huko kwa niaba ya wetu. Unapoomba leseni, uliza waziwazi kama inagusa kazi za nje. Usidhani kwamba wimbo wa mgeni hauna ulinzi hapa. Uganda ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu mwaka 1995, na Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa ulianza kutumika kwetu tarehe 28 Aprili 2022.

Ndugu wa Busia, hoja yako ya kuwatenga wasiouza muziki ni hoja halali, na mahali pake ni mbele ya kamati ya bunge na mbele ya URSB. Hadi sheria itakapobadilishwa, njia iliyopo ni kujadiliana kuhusu kiwango. Leseni ni makubaliano, na shirika lina sababu ya kukubali ada ndogo inayolipika kuliko kumfukuzia mtu wa chumba kimoja mahakamani. Redio inayosikilizwa na mwenye duka peke yake kwa sauti ya chini, nyuma ya kaunta, ni tofauti na spika iliyoelekezwa barabarani, nawe una haki ya kueleza hivyo kwa maandishi.

Nikiwa bado hapo: leseni ya muziki haikupi ruhusa ya kelele. Viwango vya sauti viko chini ya sheria ya mazingira na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na jirani anayekosa usingizi anaweza kulalamika hata kama umelipia kila wimbo.

MamaMkahawa, Arua

Ninaleta taarifa. Wale watu wawili walirudi juzi jioni. Niliwakaribisha chai, kisha nikawaomba hati ya uteuzi na viwango vya ada vilivyochapwa, nikafungua daftari ili niandike majina yao. Mmoja alisema hati ameiacha kwenye gari, wakaenda kuifuata, na hadi sasa hawajarejea. Chai hawakuimaliza.

Jana nimeandika barua mbili. Moja ni ya kwenda URSB, nikiuliza ni shirika gani linalotambuliwa na wakaguzi wake ni akina nani. Ya pili ni ya shirika lenyewe, nikieleza kwamba nina meza sita, viti ishirini na vinne, redio moja na spika moja, kwamba sitozi kiingilio wala sina mahali pa kuchezea dansi, na nikiomba kiwango cha mkahawa wa aina hiyo pamoja na maelezo kama kazi za Kongo zimo. Nimeambatanisha orodha ya nyimbo tunazozipiga zaidi. Kijana wangu aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mpiga Adungu, kati ya majina ishirini, tisa ni ya nyimbo za huku kwetu. Nitakuandikia faraghani uniambie kama tumekosea kuandika majina ya watunzi.

Flashi ameniletea mwenyewe bila kugombezwa, na nimeifungia kabatini. Redio tumeizima tangu Jumatano hadi majibu yatakapokuja. Madereva wananiuliza kama nimefiwa.